Diwani Iliyopoteza Mishororo

Mwalimu wangu wa Kiswahili alinipigia simu alfajiri ya siku ya tatu ya Shawwal, na hakuanza kwa salamu kama ilivyo desturi yake. "Mwanangu," alisema, "mashairi ya nyanya yamekuwa insha."

Sikumwelewa. Nikapanda bodaboda hadi kwake Shela, hapa hapa Malindi, nikamkuta kibarazani amekaa mkekani, kipakatalishi mbele yake, chai imeshapoa. Usiku ule hakuwa amelala. Jioni kabla yake mpwa wake, ambaye alikuwa na harusi ya binti yake wiki ile, alimwomba wimbo mmoja wa zamani wa kumtolea bibi arusi. Mwalimu akafungua maktaba yake ya kompyuta autafute. Wimbo ulikuwapo, na maneno yote yalikuwapo, lakini yamepangwa aya moja ndefu kuanzia ukingo hadi ukingo kama barua ya kuomba kazi. Akafungua shairi la tarbia, hali ni hiyo hiyo. Akafungua utenzi, hivyo hivyo. Hapakuwa na mshororo wala kipande, na pale alipopumzika mwimbishi ili waitikiaji wapokee hapakuwa na alama yoyote.

Ninaandika habari hii kwa ruhusa yake, na kwa sababu sehemu ya kosa ni yangu. Mimi ndiye niliyempelekea programu ile.

Lazima kwanza nieleze kilichopotea. Nyanya yake mzaa mama alizaliwa Mambrui, ng'ambo ya mto Sabaki. Shule ya serikali hakuiona, lakini chuoni alisoma, na kama wanawake wengi wa pwani wa wakati wake aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Aliacha madaftari sita ya mashairi na tenzi fupi. Mwalimu alisomesha katika shule za upili za Kilifi, tangu Malindi hadi Kaloleni, na kila likizo alikaa na madaftari hayo akihamisha ubeti mmoja mmoja kwa herufi za Kirumi, akipiga taipu kwenye kompyuta. Ilimchukua miaka 11. Mwanafunzi wake mmoja alizipiga picha kurasa zote 148. Baadaye mchwa wakaingia sandukuni, na madaftari yenyewe yakaisha.

Juu ya hayo zilikuwapo nyimbo 23 za harusi ambazo nyanya hakuziandika popote. Hizo Mwalimu alizitoa vinywani mwa wadogo zake nyanya, vikongwe wa Mambrui, wao wakiimba na yeye akipiga taipu. Hapa alikuwa na utaratibu wake. Maneno ya mwimbishi aliyaanzia ukingoni, na kiitikio akakisogeza ndani kwa nafasi tupu. Kati ya ukwapi na utao wa mashairi pia aliacha nafasi pana badala ya mkato, kwa sababu nyanya mwenyewe aliandika hivyo. Zile nafasi tupu zilikuwa nusu ya kazi yake, na ndizo zilizofutika.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa Shaaban nilimpitia kumjulia hali, akanilalamikia kwamba vitabu vyake vimetapakaa. Alikuwa na zaidi ya vitabu elfu moja kwenye diski ya nje: hotuba, makala, tafsiri, riwaya alizonunua, na skani za vitabu vya kale ambavyo haki zake zimeshakwisha, kama kamusi ya Krapf iliyotoka mwaka 1882. Kamusi hiyo aliipenda kwa namna ya pekee, maana wamisionari Krapf na Rebmann waliishi Rabai, katika Kilifi hii hii, tangu mwaka 1846, na mna maneno humo ambayo Mwalimu aliyasikia kwa nyanya yake tu. Majina ya mafaili yalikuwa vurugu: "scan2", "mpya", "mpya kabisa", "tenzi final". Nikamwambia ipo programu ya bure iitwayo Calibre itakayompangia yote na kumgeuzia vitabu asome kwenye kile kifaa kidogo cha kusomea alichotumiwa na mwanawe. Nikaiweka kipakatalishini, nikamwonyesha kwa dakika kumi, nikasema, "Ni rahisi Mwalimu, unabofya tu. Jumamosi nitarudi tuimalize." Jumamosi niliitwa kazini Kilifi mjini. Sikurudi.

Programu yenyewe sina neno baya juu yake. Ilianzishwa mwaka 2006 na Kovid Goyal, mtaalamu wa asili ya India, baada ya kununua kifaa cha Sony cha kusomea vitabu na kukuta hakielewani na kompyuta yake iliyotumia Linux. Mwaka 2008 ikapewa jina la Calibre, na hadi leo inatolewa bila malipo na mtu yeyote anaweza kuuona msimbo wake. Mwenye vitabu vingi atapata shida kupata chombo kingine kinachoifikia. Tena Mwalimu alikuwa na haki ya kutaka vitabu vyake vikae mikononi mwake. Mwaka 2009 Amazon iliingia kwa mbali katika vifaa vya wateja wake na kufuta nakala za riwaya za George Orwell zilizouzwa bila idhini ya wenye haki. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, vitabu vikatoweka kwa wanunuzi, wakarudishiwa pesa. Faili iliyo kwenye diski yako haipotei namna hiyo. Inapotea kwa namna nyingine.

Jambo la kwanza ambalo sikumwambia ni kwamba Calibre haisomi vitabu pale vilipo. Ukiingiza kitabu, inakinakili katika folda yake yenyewe, ikitengeneza folda ya mwandishi, ndani yake folda ya kitabu yenye nambari, na kumbukumbu zote zikakaa katika faili moja iitwayo metadata.db. Kwa hiyo diski ya Mwalimu ilikuwa na kila kitu mara mbili, na ikajaa. Akafikiri, na hakukosea kufikiri hivyo, kwamba kama programu imenakili basi folda ya zamani ni mzigo. Akaifuta.

Mpangilio mpya nao haukumpendeza. Programu hupanga waandishi kwa neno la mwisho la jina, ikidhani hilo ni la ukoo kama ilivyo Ulaya, basi mshairi Muyaka bin Haji akatiwa chini ya Haji, na mtunzi Mwana Kupona binti Msham akatafutwa chini ya Msham. Hapa pwani nani amtafutaye Mwana Kupona kwa jina la baba yake? Dawa yake ni ndogo: ndani ya programu ipo sehemu ya kusimamia waandishi, unaandika mwenyewe jina lipangwe vipi. Mwalimu hakuijua. Alikwenda moja kwa moja kwenye folda akabadilisha majina kwa mkono, na programu ikaanza kumwambia kwamba vitabu havionekani. Hili tulilirekebisha kwa saa moja, kwa kutumia ukaguzi wa maktaba uliomo ndani yake. Nalitaja tu ili nawe usiiguse folda ile kwa mkono. Kila badiliko lifanyie ndani ya programu.

Kosa lililouma lilikuja usiku wa tatu. Alichagua vitabu vyote kwa pamoja, akaamuru vigeuzwe kuwa EPUB, fomati inayosomeka karibu kila mahali isipokuwa kwenye vifaa vichache. Katika dirisha la kugeuza akachagua aina ya kifaa: kile kidogo cha mwanawe. Kazi ikaenda usiku kucha. Asubuhi kila kitabu kilikuwa na alama ya kwamba kimekamilika, hakuna rangi nyekundu hata moja. Akafungua vitatu, riwaya mbili na kitabu cha historia, vikapendeza. Kwa vile diski ilikuwa bado imebanwa, akatumia amri iliyomo humo humo ya kuondoa fomati zote isipokuwa EPUB. Programu ikamuuliza kama ana hakika. Akasema ndiyo. Kisha akamwaga kila pipa la taka ili apate nafasi. Ramadhani ikaingia, na mwezi mzima kompyuta ilikuwa mikononi mwa wajukuu.

Sasa tazama kilichofanyika ndani. Mashairi yalikuwa katika faili za TXT, ambazo hazina chochote ila herufi, nafasi na mwisho wa mstari. EPUB kwa undani wake ni kurasa za aina ile ile inayotumika kwenye tovuti, na huko nafasi kumi zilizofuatana huhesabiwa kuwa moja. Programu inapopokea TXT hukisia aya zinaanza na kuishia wapi. Ikiona mistari minne, kisha mstari mtupu, kisha mistari minne, husema: hii ni aya, na hii ni aya nyingine, na mistari ya ndani imekatwa kwa sababu tu karatasi ilikuwa nyembamba. Kwa kitabu cha nathari kisio hilo ni sahihi. Kwa ubeti ni maangamizi. Ikaiunganisha mishororo, ikabana nafasi kati ya vipande, ikafuta ile ya kiitikio.

Yote hayo yangezuilika kwa mipangilio miwili. Katika chaguo za kuingiza TXT pana mahali pa kuiambia programu kwamba kila mstari ni aya yake, na pengine pa kuiambia ihifadhi nafasi. Mwenye mashairi aanzie hapo. Na ile sehemu inayojitolea kurekebisha maandishi kwa kukisia asiiguse kabisa anaposhughulika na tungo, maana kazi yake mojawapo ni kuunganisha mistari iliyokatika.

Picha nazo. Zilikuwa zimefungwa katika PDF moja kwa kila daftari. PDF ni miongoni mwa fomati ngumu zaidi kugeuzwa, na mwongozo wa Calibre wenyewe unaonya hivyo: imeundwa kusema herufi hii ikae hapa kwenye karatasi, haijui aya ni nini. Ukurasa wa picha tupu hauna hata herufi. Calibre haisomi maandishi yaliyomo pichani, inaihamisha picha kama picha. Lakini kwa kuwa Mwalimu alikuwa amechagua kifaa kidogo, programu iliipunguza kila picha itoshe kioo cha kifaa hicho. Kwa picha ya ufukwe wa Watamu usingeona tofauti. Kwa mwandiko wa Kiarabu wa kalamu nyembamba, kitu cha kwanza kufa ni nukta. Na pasipo nukta utajuaje kama ni be au te, nuni au ye, fe au kafu? Katika Kiswahili kilichoandikwa hivyo, ambapo msomaji tayari anakisia baadhi ya sauti zisizo na herufi yake, nukta ndiyo tegemeo la mwisho.

Mwalimu alikuwa ametia alama ya kuuliza katika maneno 70 na zaidi ambayo hakuwa na hakika nayo, akinuia kuyarudia pichani siku moja na mtu mwenye macho mazuri.

Nilijaribu kwanza kufufua mafaili. Faili iliyofutwa haiondoki diskini papo hapo, mahali pake hutangazwa tu kuwa pako wazi, na programu za bure kama PhotoRec huweza kuiokota kabla kitu kingine hakijaandikwa juu yake. Ndiyo maana anayegundua amefuta kitu anapaswa kuiacha diski kama ilivyo, asiongeze hata picha moja. Kwa Mwalimu ulikuwa umepita mwezi. Wajukuu walikuwa wamejaza mawaidha na mechi za kandanda. Tulipata vipande vya EPUB na magoli mengi.

Basi tukakaa kitako kuhesabu mizani. Siku tisa, baada ya alasiri hadi magharibi, Mwalimu akisoma kwa sauti na vidole vyake vikigonga mkeka: nane, kina, nane, kina, kata. Hapa niliona kwa macho yangu kile alichokuwa akituambia darasani nasi tukadhani ni mapambo ya mtihani, kwamba vina na mizani ni kufuli la shairi. Shairi la mizani kumi na sita kwa mshororo linajirudisha lenyewe mahali pake, na pale ambapo nane haikutimia tulijua neno limemezwa au nyanya alivuta sauti. Picha zilizofifia nazo zilisaidia, kwa kuwa hata usiposoma herufi waweza kuhesabu mistari. Mashairi na tenzi zote zilisimama tena.

Kwa picha, msaada ulitoka Muscat. Ndugu mmoja wa Mwalimu aliyehamia Oman zamani alikuwa ametumiwa kurasa kadhaa kwa barua pepe miaka mingi nyuma, na hakuwahi kuzifuta. Alizirudisha 91, kwa ukubwa wake wa awali, nukta zote mahali pake. Kurasa 57 hazikuwamo.

Siku zile nilimfikiria sana Mwalimu Sikujua wa Mombasa. Muyaka alifariki mwaka 1840, na tungo zake nyingi zingekufa na waliozihifadhi vichwani. Sikujua alizikusanya katika miaka ya 1880 pamoja na mmisionari W. E. Taylor, yule yule aliyechapisha msamiati wa Kigiriama mwaka 1891. Karatasi zao zilifika London katika chuo cha SOAS, na mwaka 1940 William Hichens akatoa diwani ya Muyaka kwa herufi za Kirumi. Lakini kuchapwa kwa diwani hakukuwafanya watu wa maktaba ile wachome karatasi za mkono kwa kuwa sasa kuna kitabu safi. Zimebaki, na msomi anayetilia shaka neno anaweza kurudi kwenye wino. Sisi kwa kubofya mara moja tulifanya ambalo wao hawakulifanya miaka yote hiyo. Na kitabu kimoja ndani ya Calibre kinaweza kubeba fomati nyingi kwa pamoja! Ile TXT ingeweza kukaa bega kwa bega na EPUB yake maisha yote. Faili zote za mashairi ya nyanya zikijumlishwa hazikufikia uzito wa picha moja ya simu. Kilichojaza diski ni skani na video, na hizo hazikuwa na haraka ya kugeuzwa.

Sasa Mwalimu ana diski mbili na flashi moja. Diski moja iko kwa bintiye Kilifi mjini, mbali na hewa ya chumvi ya dirisha lake. Ndani yake mna folda iitwayo ASILI, ambayo hakuna programu inayoruhusiwa kuigusa, na Calibre inapewa nakala. Kila tungo inageuzwa peke yake, inafunguliwa, inasomwa ubeti wa kwanza, wa katikati na wa mwisho, ndipo inayofuata. Vitabu vya shule alivyokuwa akitumiwa kwenye simu, vilivyoskaniwa bila idhini ya waandishi wake walio hai, alivifuta vyote, na katika hilo sikumzuia.

Zimebaki nyimbo za harusi. Hizo hazina mizani ya kuhesabika. Mshororo mmoja ni mrefu, mwingine ni neno moja lililovutwa, na kiitikio huingia pale waimbaji walipozoea. Tulizipeleka Mambrui na Ngomeni kwa kina mama wanaoimba harusini, tukawasomea maneno, wao wakaanza kupiga makofi na wimbo ukajigawa wenyewe. Nyimbo 14 zilipatikana hivyo. Tisa hakuna aliyezijua. Mdogo wa mwisho wa nyanya, aliyezifundisha, alikuwa amezikwa mwaka mmoja kabla.

Nilimshauri Mwalimu tuzikate kwa kukisia, walau zisomeke kama nyimbo. Alinitazama kwa muda. "Nikizikata mimi," alisema, "atakayekuja atadhani ndivyo zilivyoimbwa." Nyimbo hizo tisa ziko hadi leo katika folda ya ASILI, kila moja aya moja, na juu yake ameandika tarehe ya usiku ule na maneno matatu: mishororo yake imepotea.